Jinsi ya kuisoma chavua ya mpaina kwa macho yako mwenyewe: nenda kwenye mti mara tatu, sio mara moja

Kama umewahi kukaa Mufindi, Njombe au Makete unakijua kile kipindi ambacho asubuhi unatoka nje unakuta ndoo ya maji uliyoiacha wazi imetanda unga wa njano juu, na gari lililolala nje limepakwa manjano kioo chote. Mama mmoja jirani yangu aliwahi kuniita mlangoni kwake, "We mwanangu, si ndo wewe unafundisha sayansi, hebu njoo uangalie maji yangu, nani kamwaga dawa humu?" Nikamwambia shikamoo mama, hiyo wala sio dawa, ni chavua ya mipaina imeletwa na upepo. Akaniangalia, akasema "Mipaina haina maua mwanangu, chavua itoke wapi?"

Na alikuwa sahihi kabisa, mpaina hauna ua hata moja. Swali lake ndo lilinifanya nianze kuifuatilia hii kitu kwa umakini, maana nilikuwa nafundisha kwa kutumia notisi zile zile ambazo wengi tumezikariri, kwamba chavua ni mbegu za kiume, basi, tunaendelea mbele. Sasa hiyo sentensi ina kosa kubwa na ningependa ukimaliza kusoma hapa usiiandike tena ubaoni. Punje ya chavua ya mpaina ni mmea dume mzima, mdogo sana, una seli zake nne, umefungiwa ndani ya ganda gumu lenye mifuko miwili ya hewa. Mbegu ya kiume yenyewe siku unga unaruka bado haijaumbwa, itaumbwa karibu mwaka mzima baadae, ndani ya koni jike. Hii ndo inafanya iwe muhimu uende kwenye mti mara tatu. Ukienda mara moja tu siku ya unga, umekuta sinema iko katikati.

Vitu vya kuandaa

Hadubini ya shule inayokuza mara 400 inatosha kabisa, hata ile ya kioo cha kuakisi mwanga wa jua. Slaidi na vifuniko vyake, wembe mpya (wa zamani unachana seli badala ya kukata), sindano mbili za kushonea, maji safi, glisarini kidogo kutoka duka la dawa, sukari ya mezani, bahasha za kaki na kalamu. Kama maabara yenu ina asetokamini na safranini, rangi za kupaka seli ili zionekane, itakuwa vizuri zaidi. Asetokamini ina asidi ya siki kali, kama asilimia 45 hivi, kwa hiyo fungua madirisha, vaa glavu na usiwaachie watoto waishike wenyewe. Kama una pumu au chafya za vumbi vaa barakoa siku ya kukusanya. Chavua ya mpaina kwa kawaida haisumbui watu sana kama ya misaiprasi, ila ikiwa nyingi puani inakera.

Kabla ya kuanza pima uwanja wa hadubini yako. Weka rula ya plastiki inayoonyesha mwanga chini ya lenzi ndogo kabisa, ile inayokuza mara 40 kwa jumla, uhesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo mpaka ukingo. Hadubini nyingi za shule zitakupa kama milimita 4 na nusu. Ukihamia mara 400 uwanja unakuwa mara kumi mdogo zaidi, yaani milimita 0.45 ambayo ni mikroni 450. Iandike hiyo namba kwenye daftari, utaihitaji baadae.

Hatua ya kwanza: ujue koni ipi ni ipi

Mti mwingi uliopandwa nyanda za juu kusini ni Pinus patula, asili yake Meksiko, sindano zake ndefu zinaning'inia chini kama nywele na kawaida zinakaa tatu tatu kwenye kifungu kimoja. Shamba la serikali la Sao Hill pale Mufindi ndo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali Tanzania na limejaa huo mti, ila siku hizi hata mtu binafsi ana heka zake mbili tatu nyuma ya nyumba. Omba ruhusa kwa mwenyewe au kwa msimamizi, alafu ulizia wapi wanapogolea au wanavuna, maana hapo utapata matawi chini bila kupanda. Usipande juu ya mpaina kutafuta koni, matawi yake yanakatika bila taarifa.

Watu wakisikia koni wanawaza lile gumu la kahawia. Hilo ni jike lililokomaa. Koni dume ni vidude vidogo laini, urefu wa sentimita moja au mbili, vimekusanyika kama kishada chini ya chipukizi jipya, mara nyingi kwenye matawi ya chini na ya katikati. Jike changa anakaa kwenye ncha ya chipukizi, mwekundu wa zambarau, na mara nyingi matawi ya juu. Mti mmoja una wote wawili, hivyo usimsikilize atakayekwambia kuna mpaina dume na mpaina jike.

Kuhusu mwezi wa kwenda sikupi tarehe, maana inategemea mwinuko, mvua na aina ya mti, na kuna miti inamwaga mapema kuliko jirani yake kwenye shamba hilo hilo. Tegemea rangi ya koni na kile kinachotoka ukiiminya. Anza kuangalia mara tu unapoona vishada vya kijani vimejitokeza, alafu rudi kila wiki.

Hatua ya pili: safari ya kwanza, koni za kijani

Hii ndo safari ambayo watu hawaendi, na ndo yenye utamu kuliko zote. Chuma koni dume chache zikiwa bado za kijani na ngumu. Moja ipasue kwa wembe kutoka kichwani mpaka kwenye kikonyo, uitazame kwanza kwa macho au lenzi ya mkono. Utaona ina gunzi katikati kama la hindi, na pembeni vigamba vimepangwa kwa mzunguko kupanda juu. Kila kigamba geuza uangalie tumboni, yaani upande wa chini, utakuta vifuko viwili vimebanana. Hivyo ndo vifuko vya chavua. Koni nzima ni hivyo tu, gunzi, vigamba, na vifuko viwili viwili, hamna petali wala kitu kingine, na ndo maana mama jirani hakuona ua.

Sasa chukua kifuko kimoja kwa ncha ya sindano, weka kwenye slaidi, kitoboe, mimina tone la asetokamini, subiri dakika kama tano, funika, alafu weka karatasi ya kufyonza juu na ubonyeze kwa kidole gumba bila kusugua. Ukisugua umeharibu. Tazama mara 400.

Kama umewahi kwa wakati utakuta seli mama kubwa za duara zimejaa, kila moja ina kromosomu (zile nyuzi zinazobeba urithi) 24 ambazo ni kawaida ya mipaina yote. Hizo seli zinaenda kugawanyika kwa meiosisi, yaani mgawanyiko unaopunguza kromosomu nusu, mara mbili mfululizo, na kila moja inatoa seli nne zenye kromosomu 12. Ukibahatisha siku yenyewe utaona kromosomu zimejipanga jozi 12 katikati ya seli, nyekundu kabisa. Mimi ilinichukua misimu miwili kuipata hiyo siku. Msimu wa kwanza nilichuma Ijumaa nikaziweka kwenye mfuko wa nailoni mpaka Jumatatu, nikakuta zimetoka jasho na kuota ukungu, seli zote zimekufa. Tangu hapo nikichuma tu nazitumbukiza palepale shambani kwenye kichupa chenye spiriti sehemu tatu na asidi ya siki ya maabara sehemu moja, zinakaa humo usiku mzima alafu nazihamishia kwenye spiriti ya asilimia 70. Hapo hata ukizitazama mwezi ujao zitakuwa kama ulivyozichuma.

Koni moja usiichukulie kama iko hatua moja yote, vigamba vya sehemu moja vinaweza kuwa mbele ya vingine. Kwa hiyo kama chini umekuta wamechelewa jaribu katikati na juu kabla hujaitupa.

Hatua ya tatu: wale wanne waliokumbatiana

Siku chache baada ya hapo, kwenye koni za mti huo huo, utakuta seli zimekaa nne nne zimekumbatiana. Zinazungukwa na kitu kinachong'aa kama utando mzito, hiyo ni kalosi, aina ya wanga ambayo mmea unaiweka kuwatenganisha hawa wanne wasigusane wala wasichanganyike na majirani. Kila mmoja ndani ya hiyo kalosi anaanza kujengewa ganda lake.

Hapa naomba uende taratibu maana ganda ndo linaloifanya chavua iwe chavua. Lina sehemu mbili. Ya ndani ni intini, laini, ya selulosi, hii baadae ndo itakayotoka kuwa mrija. Ya nje ni eksini, imetengenezwa kwa sporopolenini, kitu kigumu ambacho asidi nyingi zinashindwa kukiyeyusha na bakteria wanakishindwa pia. Ndo sababu ganda la chavua linakaa kwenye tope la ziwa maelfu ya miaka, na kwenye mawe hata zaidi ya miaka milioni 250. Wanaochimba tope la maziwa yetu ya Afrika Mashariki wakikuta chavua ya podo na ya mtarakwa wanajua kulikuwa na msitu wa milimani karibu, ila wakianza kukuta ya mpaina kwa wingi wanajua hapo wamefika tope la juzi juzi, enzi za mashamba ya kupandwa, maana mipaina sio miti ya asili ya huku.

Hiyo eksini yenyewe ina tabaka. Kwa mpaina tabaka la juu linaachana na la chini sehemu mbili, pembeni mwa punje, linavimba na kujaa hewa, na hivyo ndo mifuko miwili inavyopatikana. Nimeona vijana wanachora kama mifuko imebandikwa kutoka nje, sio hivyo. Ni ngozi ile ile imeinuka kama lengelenge linavyoinuka ukiungua. Na inaanza kuinuka mapema, wale wanne wakiwa bado pamoja ndani ya kalosi.

Nani anawalisha muda wote huo? Ukuta wa ndani wa kifuko una safu ya seli zinaitwa tapetamu. Zinatoa kimeng'enya cha kuyeyusha kalosi wale wanne wakaachana, zinatoa chakula, zinatoa pia malighafi ya eksini, na zikimaliza zinajifia zenyewe. Ukikata kifuko mlalo, kibane kwenye kipande cha karoti kwanza ili wembe upite laini, unaweza kuiona hiyo safu imezunguka seli changa kama mama anayenyonyesha mapacha wengi. Kwenye koni za wiki mbili baadae ukirudi hutaiona tena, imebaki mabaki tu.

Hatua ya nne: safari ya pili, ukiminya kunatoka maji

Koni zikianza kuwa na unjano wa kijani, ziminye kati ya kidole gumba na cha shahada. Kukitoka majimaji mengi bado. Ndani humo punje zimeshaachana, zina mifuko, na sasa zinagawanyika kwa mitosisi, yaani mgawanyiko wa kawaida usiopunguza kromosomu, kila punje kivyake.

Mpangilio uko hivi. Punje ina seli moja. Inagawanyika, inatoa kaseli kadogo pembeni kanaitwa prothalia ya kwanza, kubwa linabaki. Kubwa linatoa prothalia ya pili. Hizi mbili hazina kazi kubwa, zinasinyaa na kubandikwa ukutani, ila ni kumbukumbu ya enzi ambazo mmea dume ulikuwa kitu kikubwa kinachojitegemea, kama kile kijani kidogo cha umbo la moyo kinachoota kwenye ardhi yenye unyevu karibu na majani ya kangaga. Alafu seli kubwa inagawanyika mara ya mwisho, tunapata seli zalishi (ndo itakayokuja kutoa mbegu za kiume) na seli ya mrija. Jumla nne, mbili zimekufa na mbili hai. Hivyo ndivyo punje ya mpaina inavyoruka.

Chuma chache za hatua hii, fanya kama hatua ya pili, linganisha. Usikae sana hapa, ukiona punje moja yenye seli mbili na nyingine yenye tatu umeshaelewa.

Hatua ya tano: safari ya tatu, kukusanya unga

Koni zikishakuwa za njano kamili na ukiminya hakutoki maji, na moja mbili za jirani zimeshaanza kupasuka, siku hiyo ndo yako. Nenda jua likishakausha umande, kama saa nne asubuhi. Kata kishada kizima, weka kwenye bahasha ya kaki, usitumie nailoni kwa sababu nilizosema. Nyumbani zitandaze juu ya karatasi nyeupe chumba kikavu kisicho na upepo, siku moja au mbili zitapasuka zenyewe. Chekecha kwa kichujio cha chai chenye matundu madogo upate unga mtupu.

Kama unataka kuutunza, weka kwenye kichupa pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu (vikaushe kwanza juani au jikoni kwa joto dogo), ziba, weka frijini. Ukikauka vizuri na ukiwekwa kwenye friza unakaa hai mwaka na zaidi, wanaofanya uzalishaji wa mbegu bora wanafanya hivyo hivyo ili wachavushe msimu unaofuata.

Hatua ya sita: tazama ikiwa kavu, kisha mwagia maji

Weka unga kidogo sana, wa ncha ya sindano, kwenye slaidi kavu. Funika, tazama mara 100 alafu 400. Punje kavu zimejikunja, mifuko yake miwili imesogeleana kama mtu aliyekunja mikono kifuani. Sasa bila kuondoa jicho, muombe mwenzio adondoshe tone la maji pembeni ya kifuniko liingie lenyewe. Ndani ya sekunde chache punje inavimba, mifuko inaachana inafunguka pembeni. Watoto wa fomu thrii niliowaonyesha walipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kuna nini.

Ile sehemu iliyokuwa imefunikwa na mifuko ikiwa imekunjwa ndo sehemu nyembamba ya ganda, hamna eksini nene pale, na mrija utatokea hapo. Upande wa pili, mgongoni, ganda ni nene kama kofia. Yaani punje ikikauka angani inajifunga mlango wake yenyewe isipoteze maji, ikilowa inaufungua. Mifuko utaiona myeusi mwanzoni kwa sababu ya hewa iliyo ndani, ukitumia spiriti badala ya maji hewa inatoka na unaona michoro kama wavu kwenye kuta zake.

Pima hapa. Hesabu punje ngapi zingekaa kwenye mstari kukatisha uwanja wa mikroni 450. Mwili bila mifuko utakuta uko kwenye mikroni 40 hadi 60 hivi, na ukijumlisha mifuko inafika 70, 80, zaidi. Ni punje kubwa ukilinganisha na nyingi zinazobebwa na upepo, na bado inaruka mbali, imewahi kukutwa mamia ya kilomita kutoka mti wowote wa mpaina.

Kuona zile seli nne inahitaji subira kidogo. Changanya tone la safranini na tone la glisarini, tia unga, acha nusu saa. Tafuta punje iliyolala ubavu, kofia upande mmoja na mifuko upande wa pili. Chezesha ile skrubu ndogo ya kulenga taratibu. Chini ya kofia utaona mistari miwili kama kucha zilizokatwa, hizo ndo prothalia zilizosinyaa, alafu seli zalishi imekaa kama kuba juu yake, na nafasi yote iliyobaki ni seli ya mrija yenye kiini kikubwa. Ukitia ayodini badala ya safranini utaona ndani kunakuwa na madoa meusi, hiyo ni wanga, chakula cha safari.

Hatua ya saba: iotesha

Gramu 10 za sukari kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Kama maabara ina asidi ya boriki tia chembe kidogo sana, kama gramu 0.01, inasaidia mrija usipasuke. Weka tone kwenye slaidi, nyunyiza unga, weka slaidi ndani ya sahani yenye pamba mbichi na ufunike isikauke. Weka mahali penye joto la kama nyuzi 25 mpaka 28, na kwa baridi ya Mafinga hiyo inamaanisha karibu na jiko au juu ya friji kwa nyuma.

Usitegemee kesho. Mahindi ukiweka chavua yake kwenye hariri, kazi yote ya kufikia yai inaisha kama ndani ya siku moja. Mpaina unachukua siku moja, mbili, hata tatu ndo mrija uonekane kidogo, mfupi na mnene, umetokea pale pale kati ya mifuko miwili. Hesabu punje 100, ngapi zimeota. Kama hamna hata moja unga wako ulikusanywa mapema au ulilala kwenye unyevu.

Linganisha na miti mingine

Usimalize ukidhani koni zote ni sawa. Nenda kwenye ua wa misaiprasi, wengi wanaiita miti ya Krismasi, koni zake dume ni vitu vya milimita chache kwenye ncha za vijani. Unga wake hauna mifuko kabisa, punje ni za duara, mikroni 25 mpaka 30 hivi, na hazina zile prothalia, zinaruka zikiwa na seli moja au mbili tu. Mwagia maji uangalie. Intini yake ni nene mno, inanyonya maji inavimba mpaka eksini inapasuka na kuvuliwa kama shati, punje inabaki uchi. Mtarakwa, ule wa asili ambao Lushoto wanauita mwangati, ni wa ukoo huo huo na unafanya hivyo hivyo, ila yeye kwa kawaida dume na jike ni miti tofauti. Podo ana mifuko kama mpaina. Ndugu zetu wa Kongo wanaopika fumbwa, ile mboga nayo ni mmea wa mbegu uchi, usio na ua wala tunda la kweli kama mpaina, na chavua yake haina mifuko yoyote.

Wa pwani mna bahati, mna mtapo, ule unaofanana na mnazi mfupi na koni kubwa kuliko mkono. Ndugu zake wa jenasi ya Encephalartos wanachavushwa na wadudu wa jamii ya fukusi. Na hawa mbegu zao za kiume zinaogelea, zina mikia mingi, mrija wa chavua unakuwa wa kunyonya chakula tu. Jambo hili la mbegu za kiume zinazoogelea kwenye mimea ya mbegu lilijulikana mwaka 1896 Japani, Hirase Sakugoro aliona kwenye mti wa ginkgo na mwenzake Ikeno Seiichiro akaona kwenye saikasi, jamii ya mtapo, mwaka huo huo. Tafadhali usikate koni za Encephalartos, inalindwa kimataifa, chukua unga uliodondoka tu.

Hatua ya mwisho: mfunge jike kitambaa

Siku hiyo hiyo ya unga tafuta tawi lililo karibu lenye jike changa mwekundu. Vigamba vyake vitakuwa vimeachana kidogo. Kila kigamba kina ovuli mbili (ndo zitakazokuja kuwa mbegu za kupanda) zimegeuza mdomo kwenye gunzi, na usiku kwenda alfajiri mdomo huo unatoa tone la majimaji. Chavua ikinaswa kwenye tone inaelea kuelekea juu kwa sababu ya mifuko yake, na kwa vile jike amesimama wima na midomo imeangalia chini, juu ndo ndani. Kisha tone linanyonywa. Ukitaka kuona mifuko inavyofanya kazi tupia unga kwenye glasi ya maji, unaelea, alafu tia spiriti hewa itoke uone unavyozama.

Baada ya hapo vigamba vinavimba na kujifunga. Mrija unaanza kukua kwenye nyama ya ovuli alafu unasimama, unalala miezi mingi. Seli zalishi inagawanyika, moja ya zile mbili ndo baadae inatoa mbegu mbili za kiume zisizo na mikia, na hilo linatokea karibu kabisa na kukutana na yai, takribani mwaka baada ya siku ya unga. Mbegu ya kupanda inakomaa karibu mwaka mwingine mbele.

Kwa hiyo funga kitambaa kwenye hilo tawi, uandike tarehe kwa kalamu isiyofutika na maji. Tawi hilo hilo likitazamwa vizuri utakuta mdogo wa mwaka huu kwenye ncha, wa kijani wa mwaka jana nyuma yake, na wa kahawia aliyefungwa nyuma zaidi. Miezi kumi na miwili ikifika umkate yule jike wa kijani mlalo kwa wembe mpya, mpitishe kwenye asetokamini, uangalie juu ya ovuli. Punje uliyoikusanyia wenzake kwenye bahasha utaikuta bado imekaa pale, na mifuko yake miwili.